Acheni Draiva Zilale

Juzi kijana mmoja fundi alikuja Kilimarondo kutoka Nachingwea mjini kwa shughuli zake, akapita kibandani kwangu kuniamkia. Alikaa kwenye benchi, akaigeuza kompyuta yangu ya mezani imwelekee yeye, akafungua folda moja, akafungua nyingine, akaguna kama mganga aliyeona jambo.

"Mzee wangu, humu mmejaa takataka. Printa unayo moja, draiva za printa zimo mamia. Kuna za skana, kuna za kadi za televisheni, kuna za usukani wa gemu. Usukani wa gemu, Mzee! Nikusafishie?"

Nilimwambia asiguse kitu. Nadhani nilisema kwa ukali kuliko ilivyostahili, maana aliondoa mkono kwenye kipanya haraka, akacheka, akaanza kuzungumzia bei ya ufuta. Ni kijana mwenye adabu, sina neno naye. Lakini maneno yake nimeyasikia kwa watu wengi mno: mafundi wa mjini, vijana wa vyuo, na wale mabingwa wa huko nje wanaotengeneza Windows "nyepesi" na kuzigawa bure mtandaoni. Wote wana swali lile lile. Kwa nini mfumo endeshi uje umebeba programu za vifaa ambavyo mwenye kompyuta hana, na huenda hatakuwa navyo maisha yake yote?

Linasikika kuwa swali la busara. Mimi ninasema ni swali la mtu mwenye intaneti nyumbani. Na ninalisema hilo nikiwa mtu niliyewahi kukaa upande wao, nikafagia kama wao, na binti wa watu ndiye aliyelipa.

Kwanza tuelewane draiva ni nini. Kompyuta haizaliwi ikijua printa. Haijui kamera, haijui modemu, haijui kadi ya sauti. Draiva ni programu ndogo inayoufundisha mfumo endeshi kuzungumza na kifaa fulani: amri ipi itumwe, jibu lisomwe vipi, kikigoma kifanyiwe nini. Kila kifaa cha USB, na karibu kila kadi iliyomo ndani ya kompyuta, kina namba mbili zilizowekwa kiwandani, moja ya mtengenezaji na nyingine ya aina ya kifaa chenyewe. Intel walijichagulia 8086, jina la prosesa yao ya mwaka 1978. Kumbe hata wahandisi wana utani wao. Ukichomeka kifaa, mfumo unazisoma namba zile, unatazama orodha yake, unaiita draiva inayolingana. Zile nyingine hazina habari kwamba kuna mgeni amekuja. Zimelala kwenye diski. Draiva iliyolala haili RAM, haili betri, haipunguzi mwendo wa mashine hata kidogo. Inachokula ni nafasi kwenye diski tu, na nafasi yenyewe, ukizikusanya draiva zote zinazokuja na kiini cha Linux ya kawaida, ni megabaiti mia kadhaa. Filamu moja ya Kihindi iliyotafsiriwa, ile unayorushiwa kwenye flashi kwa hela ndogo, inaweza kuzidi hapo. Hakuna anayeniambia nifute filamu.

Hayo yote nilikuwa siyajui. Miaka michache iliyopita nilikuwa na laptopu mbili hapa kibandani. Moja nzima, nyingine ya bei rahisi yenye diski ya gigabaiti 32, ambayo Windows peke yake ilikuwa imeimaliza karibu yote. Kila ilipotaka kujisasisha ililalamika nafasi hakuna. Basi nikaenda mjini, fundi mmoja akaniuzia flashi yenye Windows nyepesi. Aliisifia kama mtu anayeuza mbuzi: imetolewa hiki, imetolewa kile, haina uchafu wowote, inawaka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Na kweli iliwaka upesi. Nilimtangazia kila aliyepita. Nilikuwa sijajiuliza nani aliyeipunguza. Ni mtu mahali fulani, ambaye hajawahi kulisikia jina la Kilimarondo, aliyekaa mbele ya kompyuta yake na kuamua kwa niaba yangu nitachomeka nini na sitachomeka nini.

Ulipofika msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu, binti wa jirani yangu, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita, alijaza fomu yake mtandaoni huko mjini. Anayeujua utaratibu wa Bodi ya Mikopo anajua kwamba fomu ile lazima ichapwe, ipate saini na mihuri, kisha iskaniwe na kupandishwa tena mtandaoni. Alipomaliza kuihifadhi kwenye flashi umeme ukakatika, na gari la kurudi lilikuwa likipiga honi. Akaona si neno, kijijini kwetu kuna steshenari, na muhuri wa kijiji uko huko huko.

Alifika kwangu saa moja jioni. "Shikamoo baba." Marahaba, mwanangu. Siku hizo nilikuwa natumia sola, na mchana ule chaja ya laptopu nzima ilikuwa imeungua. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, ile nyingine ipo. Nikachomeka printa. Ile printa Windows ya mwanzo ilikuwa ikiitambua yenyewe: unachomeka waya, inalia, unachapa. Safari hii ililia, kisha ikaandika kwamba kifaa hakijulikani. Nikatafuta huduma ya kuchapisha, ile inayopanga foleni ya kurasa, ili niiwashe upya. Haikuwepo. Haikuwa imezimwa, ilikuwa imeng'olewa.

Nikasema nitapakua draiva. Nikachomeka simu kwa waya ili kompyuta ipate intaneti. Simu nayo haikutambulika, kwa sababu draiva ya kupokea mtandao kupitia USB ilikuwa imefagiwa pamoja na nyingine. Waifai? Kadi ya waifai haikuwa na draiva tangu siku niliyoweka mfumo ule, nami sikujali, maana Kilimarondo nani ana waifai. Bluetooth vile vile. Ili nipate draiva nilihitaji mtandao, na ili nipate mtandao nilihitaji draiva. Nikajaribu kupakua kwa simu yenyewe, nihamishe baadaye kwa kadi. Kifurushi kilikuwa zaidi ya megabaiti mia moja, mtandao ulikuwa unadondoka kama bomba bovu, na mwisho simu ikaniambia haina nafasi. Nafasi ililiwa na nini nitaeleza, maana hilo nalo lina hasira yake.

Saa tano usiku binti alikuwa bado amekaa kwenye benchi, flashi mkononi, hasemi kitu. Mama yake akaja na tochi kumfuata. "Imeshindikana, kaka?" Nikajibu kwamba mashine imegoma. Hivyo ndivyo nilivyosema, mashine imegoma, kana kwamba ni mashine iliyokwenda mjini kununua flashi.

Alfajiri alipanda bodaboda kwenda Nachingwea kuchapa. Akarudi kwa ajili ya saini na muhuri wa kijiji. Kesho yake akapanda tena kwenda kwa wakili, kuskani na kutuma. Nauli zote zilitoka kwenye hela ya ufuta ambayo mama yake alikuwa ameitenga kwa ajili ya godoro na sanduku la chuo. Bahati nzuri muda wa maombi uliongezwa siku chache, kwa hiyo aliwahi. Nilimpelekea mama yake nusu ya nauli akaikataa, nikaiacha juu ya meza yake nikaondoka.

Siku mbili baadaye mwalimu mmoja wa sekondari alirudi kutoka safari. Alinisikiliza, akatoa flashi yenye Ubuntu kwenye mfuko wa shati, akaiwasha laptopu ile ile kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Akachomeka printa. Intaneti hatukuwa nayo. Baada ya muda mfupi jina la printa likajitokeza na ukurasa wa majaribio ukatoka. Akachomeka simu yake, mtandao ukawaka. Mwalimu anakaa hatua kama mia mbili kutoka hapa nilipo. Nilishika ule ukurasa wa majaribio nikakosa pa kuuweka.

Flashi ile ilikuwa imejaa kila kitu ambacho yule kijana wa juzi anakiita takataka. Ubuntu ya mezani inakuja na CUPS, ambao ndio mtambo wenyewe wa kuchapisha, na juu yake makusanyo ya draiva: HPLIP kwa printa za HP, Gutenprint kwa printa za kampuni chungu nzima. Nyingi kati ya printa hizo sijawahi kuziona na sitaziona. Mwalimu pia hajaziona. Ila wakati anaitia Ubuntu kwenye flashi yake hakuna aliyehitaji kujua kwamba siku moja itachomekwa kwenye kibanda cha Kilimarondo, usiku au mchana, mbele ya printa yangu.

Hapo ndipo hoja ya wafagiaji inapovunjika. Wanasema "mtumiaji hahitaji" kana kwamba mahitaji yanajulikana mapema. Linus Torvalds mwenyewe, alipotangaza kazi yake Agosti 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, alisema mfumo wake pengine hautasaidia diski yoyote zaidi ya aina aliyokuwa nayo yeye, kwa sababu hiyo tu ndiyo aliyokuwa nayo. Kosa hilo limezaa matunda mengi kuliko utabiri mwingi uliotimia. Leo kiini cha Linux kina makumi ya mamilioni ya mistari, na zaidi ya nusu yake ni draiva. Watu huicheka Linux kwa unene huo. Lakini ukiitazama vizuri, kila draiva iliyomo iliingia kwa kuwa kuna mtu, mahali fulani, alikuwa na kifaa fulani mezani na kilikuwa hakifanyi kazi. Ni orodha ya shida za watu. Mimi nilikuja mwishoni nikakuta wengine wameshateseka kwa printa kama yangu.

Wengine wamekwenda kinyume chake. Mwaka 2009 Apple walitoa Mac OS X Snow Leopard, na moja ya sifa zake ilikuwa kurudisha nafasi ya diski. Njia mojawapo ilikuwa kuacha kuweka draiva za printa zote, na badala yake kuweka zile za printa ulizowahi kutumia au zilizo karibu nawe. Nyingine utapakua ukizihitaji. Kwa California hesabu hiyo ni sawa kabisa. Neno "utapakua" pale lina maana ya sekunde chache. Kwetu "utapakua" ni bando, ni kupanda mahali penye mnara unaosomeka, ni kusubiri, na mara nyingine ni bodaboda.

Debian nao, watu ninaowaheshimu sana, walikosea kwa njia ya heshima zaidi. Kuanzia toleo la 2011 walitoa kwenye mfumo wao wa kawaida fimwea zisizo huru, yaani zile programu za ndani ya kifaa ambazo kampuni haitaki mtu azione zilivyoandikwa. Msimamo wao ulikuwa wa uhuru, na uhuru ni kitu kizuri. Ila kadi nyingi za waifai haziamki bila fimwea hiyo, kwa hiyo mtu aliweka Debian akajikuta amesimama nje ya mlango akiwa na ufunguo uliofungiwa ndani. Kulikuwa na diski nyingine isiyo rasmi yenye fimwea, lakini uijue kwanza. Walipiga kura mwaka 2022, na Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ikaja na fimwea hizo ndani ya diski rasmi. Miaka kumi na miwili kuufikia uamuzi ambao mama mwenye tochi angeutoa papo hapo.

Kuna jambo lingine wasilolihesabu: vifaa vyetu vina umri. Printa haiji Kilimarondo ikiwa mpya. Inaanza ofisini Dar es Salaam, inachoka, inashushwa bei Kariakoo, inapanda basi, inauzwa tena, na ikifika hapa mfumo mpya umeshaifuta kwenye orodha kwa sababu "watumiaji hawaitumii tena". Watumiaji gani? Dunia inapomaliza ndipo sisi tunapoanza. Microsoft walitangaza Septemba 2023 kwamba wataacha hatua kwa hatua kusambaza draiva za printa za kampuni nyingine kupitia Windows Update, kwa kuwa printa mpya zinajua lugha moja ya pamoja na hazihitaji draiva yake peke yake. Hilo ni jambo zuri, nalipigia makofi. Ndivyo flashi zinavyofanya kazi tangu zamani: flashi ya kampuni yoyote unaichomeka kwenye kompyuta yoyote, draiva moja inazitosha zote. Printa zote zikifika hapo nitafuta draiva mwenyewe kwa mkono wangu. Ila tusiuze jembe kwa kuwa tumesikia trekta linakuja. Windows 10 ilimaliza kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 11 inataka chipu ya TPM 2.0 ambayo mashine nyingi za huku hazina, na mashine hizo hazitatupwa. Zitakuja kwetu. Zitahitaji mfumo unaozijua.

Sasa niwape wapinzani wangu haki yao, maana wana hoja moja nzito, ingawa wengi wao hawaijui. Mei 2015 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina VENOM. Ilikuwa ndani ya QEMU, programu inayotumika kuendesha kompyuta za kubuni ndani ya seva, katika sehemu inayoigiza kisomeo cha disketi. Disketi! Mwaka 2015! Kasoro ilikuwamo tangu 2004, na ingeweza kumruhusu mtu aliye ndani ya kompyuta moja ya kubuni atoke aingie kwenye seva yenyewe. Hata aliyeizima disketi hakupona, kwa sababu sehemu ile ya programu ilibaki inafikika. Kisha katikati ya 2021 ikaja PrintNightmare, kasoro katika huduma ile ile ya foleni ya kuchapisha ya Windows, ambayo huwa macho hata kwenye seva ambayo haijawahi kuona printa. Kwa hiyo ni kweli, programu ya kifaa usichonacho inaweza kukuumiza.

Lakini tazama walioumiza ni wapi. Ni walioachwa macho bila kuitwa. Dawa yake ni kuilaza programu mpaka kifaa kije, na hilo Linux inalifanya kwa draiva zake nyingi. Kung'oa ni jambo jingine. Hata kung'oa sikupingi moja kwa moja: Desemba 2012 kiini cha Linux kiliacha kuisaidia prosesa ya 386, ambayo ndiyo Torvalds aliyoanzia. Sikulalamika. Mashine hizo zilikuwa zimekwisha hata kwetu sisi tunaopokea mwishoni.

Turudi kwenye simu yangu iliyokosa nafasi. Siku iliyofuata nilikaa nikaihesabu. Ilikuwa na duka la programu juu ya duka la programu, michezo miwili ambayo sikuiomba, programu ya habari za lugha nisiyoisoma, programu ya "kusafisha simu" ambayo yenyewe ndiyo ilikuwa uchafu mkubwa kuliko wote. Zote zimewekwa kiwandani, zote ziko macho, zinatuma na kupokea kwa bando langu, na ukibonyeza kufuta kitufe kimefifishwa. Hizi nazo huitwa "programu zilizokuja na kifaa". Jina ni lile lile la draiva, na hapo ndipo watu wanapochanganywa.

Maana hizo hazikuwekwa kwa ajili yangu. Kuna mtu analipwa zikae pale, au kuna mtu analazimisha. Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34, sababu mojawapo ikiwa kuwabana watengenezaji wa simu waweke programu yake ya utafutaji na Chrome ili wapewe na duka la programu. Baadaye mahakama iliipunguza kidogo. Bilioni nne hazitozwi kwa jambo dogo. Kitu kinachokuja na simu kina thamani kwa aliyekiweka. Draiva ya printa ya mwaka 2008 haina thamani kwa yeyote isipokuwa mwenye printa hiyo. Basi wakubwa wakitakiwa wapunguze uzito, wanaanza kukata wapi? Wanaanza pasipo na mlipaji. Na sisi, mafundi wa vichochoroni, tunawasaidia: tunafuta draiva kwa sababu tunaweza, tunaacha matangazo kwa sababu kitufe kimefifia, kisha tunajisifu kwamba tumesafisha.

Kuna mzee hapa, nilipomsimulia haya, aliniambia kwamba Nachingwea ndiyo mahali pa mwisho pa kumhubiria mtu kuhusu kuweka vitu kabla havijahitajika. Alinishika pabaya. Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ulitua Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Walileta matrekta, mengine mabaki ya vita, mengine vifaru vilivyogeuzwa kulima. Walijenga bandari ya kina Mtwara na reli kutoka huko hadi huku kubeba karanga. Januari 1951 mpango ukazikwa rasmi. Karanga za kujaza mabehewa hazikuonekana. Mzee akauliza: hiyo reli si ndiyo draiva yako ya usukani wa gemu?

Sikuwa na jibu siku ile. Jibu lilinijia baadaye, nikiwa nimesimama kando ya barabara nikingoja malori ya korosho yapite na vumbi litulie. Reli ile ilifungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hoja ile ile kwamba hakuna anayeihitaji. Korosho zetu, ufuta wetu, mbaazi zetu, vyote leo vinakwenda bandarini Mtwara juu ya malori, na serikali inazungumzia kujenga reli mpya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwa fedha ambazo sitaki kuzifikiria. Waliokuja na mpango ule walikosea kudhani wanajua tutakachopanda. Waliong'oa walikosea vile vile. Na reli, mzee wangu, inakula mafuta, vibarua na mataruma kila mwaka hata isipobeba kitu. Draiva haili. Nilirudi kumwambia, akasema nimechelewa, ameshasahau tulikuwa tunabishana nini.

Kwa hiyo yule kijana wa juzi, akiyasoma haya, ajue sikumkasirikia yeye. Flashi ya Ubuntu ninayo mwenyewe sasa, nimeifunga kwa kamba kwenye msumari pembeni ya muhuri. Windows nyepesi niliifuta.

Wiki iliyopita karani wa chama cha msingi alikuja na mtu amebeba printa kichwani, ile ya utepe wa wino na karatasi zenye matundu pembeni. Ilikuwa stoo miaka, wameikumbuka kwa sababu wanataka stakabadhi zenye nakala za kaboni, na leza haipigi kaboni. Waya wake ulikuwa ule mpana wa tundu la zamani, la pini 25. "Hii mashine bado inajulikana, Fundi?" Kompyuta yangu ya mezani ni ya zamani kiasi kwamba tundu hilo inalo, nyuma, limejaa vumbi. Nililipuliza nikachomeka, nikaandika amri ya kuuliza kama kuna draiva ya tundu la namna hiyo. Ilikuwemo. Nikachagua aina ya printa kwenye orodha, ile orodha ndefu ya takataka, nikatuma ukurasa mmoja. Ikakaa kimya kidogo, halafu ikaanza kupiga ile kelele yake, kri-kri-kri, kwenda na kurudi, na watoto waliokuwa wanatoka kisimani wakaacha ndoo zao wakaja kuchungulia dirishani.